Ramani ya Ukubwa wa Kizibo cha Soda

Mara ya kwanza kuufuata mto nikidhani ni njia, nilikuwa na umri wa miaka 46 na saa mpya yenye ramani mkononi.

Ilikuwa msitu wa Karura, Nairobi, Jumapili asubuhi, kwenye kile kipande cha kuelekea mapangoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekaa mezani jikoni napakia njia ya kilomita 15 kwenye saa, na saa ikauliza mstari wa njia uwe wa rangi gani. Nikachagua buluu. Sababu? Naipenda buluu, basi. Sasa, anayeijua Karura anajua kwamba kijia cha huko kinaandamana na mto kwa kitambo, na mito kwenye ramani huchorwa kwa buluu. Nikatupa jicho mkononi huku nakimbia, nikaona buluu inakata kulia, nami huyo nikakata kulia. Hatua kama 30 hivi nikawa kwenye tope la vifundoni, maji mbele yangu, na nyuma yangu rafiki yangu tunayemwita Mwalimu ameshika magoti kwa kicheko.

"Saa inasema tuvuke?"

"Saa haijasema kitu. Ni mimi nimesoma mto."

Mwalimu anafundisha jiografia sekondari, kwa hiyo hakuniachia hapo. Jumamosi iliyofuata alikuja na ramani ya mtihani wa zamani, ile ya moja kwa elfu hamsini ambayo kila aliyefanya jiografia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, anaikumbuka: sentimita 2 kwa kilomita 1, kontua (mistari ya mwinuko) kila mita 20. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha chai baada ya kukimbia. Akachukua kizibo cha soda, akakilaza juu ya ramani, akakizungushia penseli, kisha akakiondoa.

"Haya, mama. Hii duara ndiyo saa yako. Nitoe hapa katikati unifikishe hospitali."

Hospitali ilikuwa nje ya duara. Shule nje. Barabara kuu nje. Ndani mlikuwa na vichaka, kijito, na nusu ya jina la kijiji.

Skrini ya saa yangu ina kipenyo cha inchi 1.3, yaani milimita 33, na kizibo hakipishani nayo sana. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu, maana mimi ni mhasibu na hesabu ndizo zinazonilisha. Milimita 33 kwa kipimio cha ramani ya Mwalimu ni kama kilomita 1.6 za ardhi. Skrini hiyo ina pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, 260 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukivuta ramani karibu mpaka skrini nzima ionyeshe mita 500, kila pikseli inabeba karibu mita 2, na hapo vijia viwili vilivyoachana kwa mita 20 vinaonekana viwili. Ukiisukuma mbali mpaka skrini ionyeshe kilomita 2, kila pikseli inabeba karibu mita 8, na vile vijia viwili vinakuwa mstari mmoja mnene kidogo. Karura ina zaidi ya hekta 1,000 na vijia vimesukwa kama mkeka: cha baiskeli hapa, cha waendao kwa miguu pale, mita chache kati yao. (Tungekuwa tunaupita ule msitu kwa gari, kati ya kuta za majumba ya wakubwa, kama Wangari Maathai na wenzake wasingekubali kupigwa pale wakiutetea mwaka 1999. Kila nikilalamika kwamba vijia ni vingi mno, najikumbusha hilo na kunyamaza.)

Mtu atasema basi vuta karibu tu, yaishe. Nami nilisema hivyo. Nikavuta karibu hadi skrini ikawa inaonyesha mita 120, na matatizo mawili yakazaliwa. Kwanza, chini ya mikaratusi mirefu ile saa haijui ilipo kwa uhakika wa mita 2. Mawimbi ya setilaiti yanagonga mashina na majani kabla ya kunifikia, na mshale wangu ukawa unatembea nje ya njia kama mlevi, ilhali mimi niko katikati ya njia, sijanywa kitu. Pili, mshale uko katikati ya skrini, kwa hiyo mbele yangu nilikuwa naona mita 60 tu. Mwendo wangu ni dakika 6 kwa kilomita, karibu mita 3 kwa sekunde. Mita 60 ni sekunde 20. Njia panda ikitokea, nimeshaipita ndipo naiona.

Na hizo mita 3 kwa sekunde zina hesabu nyingine, ambayo goti langu la kushoto linaikumbuka. Kutazama ramani, kutafuta mshale, kutafuta mstari, kuamua: kwangu ilikuwa inachukua sekunde 4. Hizo ni mita 12 za kukimbia bila kuangalia chini. Mzizi ulikuwa kwenye mita ya 8 au ya 9. Nilipoinuka nimejaa udongo mwekundu, jambo la kwanza nililofanya ni kuangalia kama saa imevunjika, na kwa hilo binti yangu hajanisamehe hadi leo.

Hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba ramani ya mkononi haisomwi. Inatupiwa jicho. Ukiwa na karatasi mezani unaweza kuisafiri kwa kidole, ukarudi nyuma, ukauliza. Mkononi una sekunde moja, pengine moja na nusu, na chochote kisichoingia machoni katika muda huo ni uchafu, hata kiwe cha kweli kiasi gani. Saa yangu ilikuwa inanionyesha maduka, vyoo, mipaka ya msitu, barabara za mtaa wa jirani, kontua, kila kitu. Niliponunua nilijivunia wingi huo.

Kuna pia suala la macho, ambalo watu wa rika langu tunalizungumza kwa kunong'ona. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na baada ya miaka 40 vitu vya karibu vinaanza kufifia. Wakati wa kukimbia saa iko kama sentimita 30 kutoka usoni, umbali ambao macho yangu yameshaukataa. Nilijaribu kufunga miwani ya kusomea kwa uzi shingoni. Kwa kilomita 2 ikanichapa kifuani kama fimbo ya nyapara. Binti yangu akasema, "Mama, si ununue saa kubwa zaidi tu?" Nikajaribu ya mwenzetu yenye skrini ya inchi 1.4. Mkono wangu ni mwembamba. Ilikuwa inagonga kifundo kila hatua, na ile sehemu ya kumi ya inchi haikunisomea chochote.

Mwanga nao ni mjadala. Saa yangu ina skrini ya aina isiyojiwakia, inayotumia mwanga wa jua kuonekana. Saa sita mchana Nairobi, jua liko utosini, inasomeka kama gazeti. Ukiingia kwenye kivuli kizito cha Karura inageuka kijivu na rangi zote zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Zile skrini mpya zinazong'aa ni kinyume chake: nzuri gizani, lakini hujizima kulinda betri, na lazima uinue mkono ziamke. Sina upande. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya kulaumu saa, vua miwani ya jua. Nilikuwa na ile inayokata mng'ao, na kila nilipogeuza kifundo kidogo skrini ilikuwa nyeusi tii. Nilidhani imekufa. Kumbe kioo cha miwani na kioo cha saa vilikuwa vinazuiana mwanga, na nikigeuza mkono robo duara ramani inarudi.

Lakini hayo yote ni ya Karura, ambako ukipotea sana unatokea Limuru Road au Kiambu Road unapanda matatu. Kilichonifunza hasa ni vilima vya Ngong.

Ilikuwa Julai. Watu wa Nairobi wanaijua Julai: wiki nzima bila jua. Tulikuwa sita, na mpango ulikuwa kuanzia upande wa mji wa Ngong, kupita kwenye mitambo ya upepo, kisha kufuata mgongo wa vilima kuelekea kusini, juu chini, juu chini, mpaka Kona Baridi. Kilele cha juu kabisa huko, Lamwia, kina mita 2,460. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na saa yenye ramani, nikapewa uongozi. Hakuna aliyeuliza kama naweza kuisoma.

Ukungu ulitufunika tukiwa tumepita mitambo. Mabawa yake tuliyasikia yakifua hewa juu yetu lakini hatukuyaona. Nami, kwa woga wa kutojua kilichoko mbele, nikafanya jambo ambalo kila mwoga wa ramani hufanya: nikaisukuma ramani mbali. Nilitaka kuona mbele sana. Skrini nzima ikawa kilomita 2.

Kati ya kilima kimoja na kingine mgongo unashuka kidogo, na mahali kama hapo kijia kiligawanyika. Kimoja kilipanda moja kwa moja mbele. Kingine kilizunguka ubavuni upande wa magharibi, kimenyooka, hakina mlima. Nikaangalia saa. Mshale uko juu ya mstari. Tukachukua kile kisicho na mlima. Nani angechagua mlima?

Tulitembea na kukimbia dakika 15. Kila dakika mbili naangalia: mshale uko juu ya mstari. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, ameanza kukaa kimya kwa namna ambayo si yake. Mwishowe akasema, "Mama, mgongoni mwa kilima ardhi inashuka pande zote mbili. Hapa naona inashuka upande mmoja tu."

Kabla sijajibu, ukungu ukatutolea kijana mwenye shuka na fimbo, na nyuma yake ng'ombe kama kumi.

"Sopa, mama. Mnaenda wapi?"

"Kona Baridi."

Akatutazama sote sita, viatu vya rangi, mikoba ya maji mgongoni. "Hii barabara ni ya ng'ombe," akasema kwa upole. "Inaenda chini kwa maji. Kona Baridi ni huko juu." Akaonyesha kwa fimbo kwenye ukungu mtupu, juu ya bega langu la kushoto.

Nikabonyeza kitufe, nikavuta ramani karibu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mstari wa njia yetu ukatoka chini ya mshale polepole kama nyoka, ukasogea kushoto, ukasogea tena. Ulikuwa zaidi ya mita 60 kutoka tulipokuwa, na juu yetu.

Hesabu hii niliifanya usiku, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Mshale wa saa yangu una upana wa pikseli kama 20. Kwa kipimio kile, ambapo pikseli moja ni karibu mita 8, mshale peke yake ulikuwa unafunika mita 150 za ardhi. Njia sahihi ilikuwa chini yake muda wote, na njia ya ng'ombe pia. Kabla ya Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga mawimbi ya setilaiti za GPS kwa raia kwa makusudi, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Waliliondoa. Mimi nikajirudishia kwa kitufe.

Na bado saa ilikuwa na njia mbili za kuniokoa. Ile tahadhari ya kutetema ukitoka njiani nilikuwa nimeizima mwenyewe, kwa sababu Karura, chini ya miti, ilikuwa inanitetemea bure kila baada ya dakika tatu. Na kwenye ukurasa mwingine wa saa kulikuwa na namba ya mwinuko, kubwa, nyeusi, inayosomeka bila miwani. Ilikuwa inashuka, mita kwa mita, robo saa nzima, huku mimi nimekodolea macho kontua za kahawia ambazo kwenye mteremko ule zilikuwa zimegandana kuwa doa moja. Tangu siku hiyo, kwenye vilima, namba ya mwinuko imekaa juu ya ramani yangu. Kontua nimezizima.

Vingine nilivyobadilisha vilikuja kidogo kidogo. Mstari wa njia sasa ni waridi kali, rangi ya chupi za soko la Gikomba, ambayo sijawahi kuiona kwenye mto wala kwenye jani. Maduka nimeyaondoa. Kipimio ni kimoja kwa kila mahali: skrini nzima mita 400 msituni, mita 600 vilimani, na sikigusi nikiwa na woga. Mimi na Mwalimu bado tunabishana kuhusu kaskazini. Yeye anataka kaskazini ikae juu daima kama alivyofundishwa na anavyofundisha. Mimi nataka ramani izunguke ili mbele yangu iwe juu. Ana hoja moja nzuri: nikisimama, ramani yangu huzunguka kama pia, kwa kuwa saa ilikuwa inajua ninakoelekea kutokana na mwendo, na sasa imebaki na dira ambayo sijaisawazisha. Kuisawazisha ni kupunga mkono hewani kwa umbo la namba nane, na watu njiani wanadhani unafukuza nyuki.

Lililonichekesha zaidi ni majina. Unaweza kuweka alama kwenye njia, na ukikaribia saa inaonyesha jina la alama. Nikaandika kwa ukamilifu, kama mtu aliyesoma: "Njia panda ya mapangoni, kushoto." "Njia panda ya daraja, kulia." Saa ina nafasi ya herufi chache. Kila nilipokaribia alama yoyote iliniandikia "Njia panda ya", kisha nukta tatu. Kiswahili chetu kinaanza na aina ya kitu na kuacha habari yenyewe mwishoni. Mezani ni sawa, mkononi ni janga. Nikageuza: kwanza upande, kisha mahali. Nikafupisha kushoto kuwa KSH.

Mwalimu alikuwa amechungulia mkononi mwangu. "KSH daraja? Shilingi ngapi?"

Sasa ni L na R za Kiingereza, na nimemwomba Mungu anisamehe. Kwa Karura hata hizo sizihitaji sana, maana njia panda zina vigingi vyenye namba, na alama zangu ni namba hizo tu. Saa ikisema 14 naangalia kigingi cha 14. Kigingi kina herufi kubwa na hakihitaji betri.

Jambo moja lilinikera kwa muda kabla sijaelewa: kwa nini ile njia ya ng'ombe, kwenye ramani, ilikuwa na unene uleule na rangi ileile ya njia ya mgongoni? Ramani ya saa yangu imejengwa kwa data ya OpenStreetMap, mradi wa ramani ulioanza mwaka 2004, ambao yeyote anaweza kuchora. Nairobi tuna historia nao: mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao wenyewe, ambao kwenye ramani za wakati ule ulikuwa doa tupu. Kwa hiyo mtu alipita pale Ngong, akaona kijia, akakichora, na hakudanganya, kijia kipo. Hakusema tu ni cha nani. Nilifungua akaunti, nikakaa na chai, nikajaza kwa kila kimoja yale yanayoweza kujazwa: kinaonekana kiasi gani, ardhi yake ni ya aina gani. Ilinichukua jioni nzima kwa kipande cha kilomita 3. Kama saa yangu itayatumia maelezo hayo kuchora kimoja chembamba na kingine kinene, hilo ni la waliotengeneza saa, na mpaka sasa haijafanya hivyo.

Januari tulirudi Ngong. Anga safi, upepo wa kutosha, Nairobi yote mashariki na Bonde la Ufa limefunguka magharibi. Pale kwenye mgawanyiko nilisimama, nikaacha wenzangu watangulie. Njia zote mbili zilionekana wazi kama mapaja ya mtu aliyekaa, na mtoto wa chekechea angejua ipi ni ipi. Nikaisukuma ramani mbali hadi kipimio kile cha Julai. Mshale ukameza kila kitu. Chini kidogo, kati ya njia ya watu na njia yao, ng'ombe watatu walikuwa wamesimama wakinitazama. Kwa kipimio kile, nao walikuwa ndani ya mshale.